Oili nzito haiponyi turbo: kusoma dalili za pikapu kabla ya kubadili namba

Pikapu yenye turbo (feni inayosukumia injini hewa) ikianza kupiga kelele, kula oili au kupepesa taa nyekundu, ushauri wa kwanza kwenye gereji nyingi, iwe Arusha au Moshi, ni uleule: “Bosi, tuweke 20W-50, itatulia.” Na kweli hutulia, kwa muda. Oili nzito hujaza nafasi zilizolika, presha inapanda kidogo, kelele inafifia. Kilicholeta kelele bado kipo palepale, na sasa turbo, ambayo iko mbali kwenye njia ya oili, inangoja zaidi kila asubuhi kabla ya kulowa.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye dalili. Namba ya oili tutaifikia, lakini mara nyingi utakuta haina kosa.

Namba zenyewe, kwa ufupi

Kwenye 15W-40, sehemu ya kwanza inahusu baridi. Oili ya 15W hujaribiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini, 5W kwenye 30 chini. Baridi hiyo huku hatuna. Hata Julai, Arusha ikiwa imefunikwa na mawingu, asubuhi ya kawaida huwa nyuzi kumi na kitu, na Moshi iliyo chini zaidi ni vuguvugu kuliko hapo. Muuzaji anayekusukumia 0W kwa sababu ya “baridi ya mlimani” anakuuzia kinga ya barafu ambayo gari lako halitakutana nayo.

Hiyo haina maana kwamba namba ya kwanza ni mapambo. Kwenye nyuzi 40 za joto, 15W-40 ya kawaida huwa na mnato wa sentistoki kama 110, 5W-40 kama 85, na 20W-50 kama 160. Injini iliyolala nje Sakina, Arusha, inawashwa ikiwa baridi kuliko hapo, kwa hiyo tofauti ya asubuhi ni kubwa zaidi.

Namba ya pili ndiyo inayobeba mzigo. Inapimwa kwenye nyuzi 100: namba 30 ni sentistoki 9.3 hadi 12.5, namba 40 ni 12.5 hadi 16.3, namba 50 ni 16.3 hadi 21.9. Kuna kipimo kingine ambacho hakiandikwi mbele ya kopo, cha nyuzi 150 oili ikiwa inasagwa kwa kasi, na hicho ndicho kinachofanana na maisha ndani ya beringi za turbo. Hapo 15W-40 inatakiwa isishuke chini ya 3.7 (kwa mPa·s, si sentistoki), wakati namba 30 inaruhusiwa kushuka hadi 2.9. Ila namba 30 hazilingani zote: 5W-30 yenye alama ya ACEA C3, kiwango cha watengenezaji magari wa Ulaya, lazima ifikishe 3.5. Geuza kopo usome nyuma.

Kwa Hilux za injini ya 1KD na 2KD, D-Max ya 4JJ1 au L200 ya 4D56 zisizo na chujio la masizi kwenye ekzosi, 15W-40 ya dizeli yenye alama ya API (kiwango cha Marekani) CH-4 au CI-4 ni chaguo lisilo na ubishi kwa njia zetu. Ford Ranger ya 2.2 na 3.2 imetengenezewa 5W-30 ya kiwango cha Ford chenyewe, WSS-M2C913, na hapo sishauri ubunifu. Gari lenye chujio la masizi, kama Hilux nyingi zilizotoka Uingereza, linataka oili ya majivu kidogo: ACEA C, JASO DL-1 (kiwango cha Japani), au angalau API CK-4, kutegemea kitabu chake. Ukiweka CI-4 humo injini haitalalamika, lakini chujio litajaa majivu yasiyoungua.

Taa ya oili inapepesa injini ikiwa moto

Hii ndiyo dalili inayotibiwa vibaya kuliko zote. Umepanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu ukiwa na mzigo, umefika Karatu, umesimama. Injini iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, na taa inawaka na kuzima. Ukikanyaga kidogo inapotea.

Zima. Subiri dakika kumi kwenye tambarare, kisha chomoa dipstiki. Ikiwa oili iko chini ya alama ya chini, jaza, halafu tafuta inakokwenda. Ikiwa kiwango ni sawa, inuse. Sugua tone kati ya vidole. Oili iliyoingiliwa na dizeli hunuka dizeli na huteleza kama maji bila kushika ngozi. Asilimia chache tu za dizeli zinatosha kuifanya namba 40 iwe na tabia ya namba 30. Mwenye gari huona oili imekuwa nyepesi, akaomba nzito, na nozeli zilezile zinazovuja (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) zitaifanya nyepesi nayo.

Haina dizeli? Usiiamini taa bado. Toa sensa ya presha, funga geji ya kawaida mahali pake, upime injini ikiwa moto. Sensa hufa na waya wake huchubuka, hasa kwa gari linalopigwa na vumbi na kuoshwa kwa maji ya presha kila wiki. Kitabu cha injini yako ndicho chenye kauli ya mwisho, lakini kanuni ya zamani ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Ukipata 10 kwenye sailensa na 30 au zaidi kwenye 3,000, badilisha sensa uende zako.

Geji ikikubaliana na taa, angalia presha inavyotembea, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa unapojitaja. Ikiwa iko chini kwenye sailensa lakini inapanda vizuri ukiongeza mizunguko, fikiria beringi zilizolika. Ikiwa inachelewa kupanda ukiwasha, au inaanguka mizunguko ikiwa juu, pampu inavuta na haipati. Chujio la ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) limeziba.

Wenye 1KD wasome hapa mara mbili. Injini hii ina udhaifu unaojulikana: washa za shaba chini ya nozeli zikianza kupitisha, gesi ya mwako hupanda hadi chini ya kifuniko cha tapeti. Huko inachoma oili na kuigeuza chembe ngumu nyeusi, na chembe hizo zinateremka hadi kwenye sampu na kuziba chujio. Oili safi ukimimina juu, bado njia ya chini imefungwa. Na oili nzito hupita kwenye chujio lililoziba kwa shida zaidi kuliko nyepesi, kwa hiyo lile tiba la 20W-50 hapa linaua haraka. Fungua kifuniko cha tapeti utazame kama kuna lami nyeusi kuzunguka nozeli. Shusha sampu, utazame chujio kwa macho yako. Washa mpya za shaba ni bei ya chakula cha mchana cha watu wachache; kuchonga kranki na kununua turbo ni hadithi nyingine kabisa.

Ikiwa ni beringi kweli, na injini ina kilomita nyingi, basi kutoka namba 40 kwenda 50 ni kununua muda. Hakuna ubaya kununua muda, mradi fundi akwambie kwamba ndicho unachonunua.

Taa haizimi baada ya kumwaga oili

Hii ni ya Ranger ya 2.2 na 3.2. Pampu yake ya oili hupoteza uvutaji ikiwa injini imeachwa tupu muda mrefu. Ford wenyewe wanataka oili mpya iingie ndani ya dakika kama kumi tangu ya zamani kumwagwa. Ule utaratibu wetu wa kufungua nati ya sampu, kwenda kunywa chai na kurudi ili “itoke yote” haufai hapa. Taa ikikataa kuzima sekunde chache baada ya kuwasha, zima mara moja. Usikanyage mafuta ukitumaini kuisukuma. Kabla ya kuwasha tena, pampu inatakiwa ijazwe kwa kusukuma oili kupitia njia ya filta au ya sensa.

Oili inapanda badala ya kushuka

Wengi hufurahi: gari halili oili. Dipstiki ikionyesha juu kuliko siku ya sevisi, kuna kitu kimeingia. Ikiwa rangi ni ya maziwa au chai ya maziwa, ni maji, na hapo unaongelea gasketi ya hedi au kipoza oili. Simamisha gari. Ikiwa ni nyeusi na inanuka, ni dizeli: nozeli inayovuja, au chujio la masizi linalojisafisha mara kwa mara kwa sababu gari linazunguka Njiro na mjini kati tu, bila kupata safari ndefu. Gari la namna hiyo lipeleke barabara ya Moshi hadi Boma Ng'ombe na kurudi kwa mwendo usiokatizwa mara kwa mara, na ufupishe muda wa kumwaga oili. Kubadili namba hakusaidii lolote.

Moshi wa bluu

Bluu ni oili inayoungua. Swali la maana ni moshi unatoka lini.

Moshi ukitoka asubuhi kwa nusu dakika kisha ukaisha, sili za valvu zimekauka. Si dharura. Ukitoka wakati wote injini ikibeba mzigo, piga hesabu ya ringi za pistoni, na uliza filta ya hewa imekuwa ikiishije. Vumbi la Simanjiro, Longido na njia za kwenda Natron hupita kwenye filta iliyopigwapigwa na kupulizwa mara nyingi hadi karatasi ikapasuka, na mchanga laini ukishapita, unasaga ringi na mapanga ya turbo kwa pamoja. Nimeona watu wakibishana 15W au 10W huku mpira wa filta ya hewa umelegea kiasi cha kupitisha kidole.

Ukitoka kwa kishindo unapokanyaga mafuta baada ya kukaa sailensa muda mrefu, au baada ya mteremko mrefu kama wa kutoka lango la Machame hadi barabara kuu, elekea kwenye turbo. Lakini usiinunue bado. Sili za turbo si za mpira; ni pete za chuma zinazotegemea presha ya hewa upande mmoja iizuie oili upande mwingine. Turbo isiposukuma, presha hiyo hushuka. Na oili inayotoka kwenye turbo haivutwi na pampu, inateremka yenyewe kwa uzito wake hadi kwenye sampu. Chochote kinachozuia mteremko huo kitaifanya turbo isiyo na kasoro ionekane inavuja: oili iliyojazwa kupita alama ya juu, bomba la kupumulia injini lililoziba, au silikoni ya gasketi iliyobanwa ikaingia kwenye bomba la kurudishia. Filta ya hewa iliyoziba nayo huleta mvuto unaofyonza oili kupitia upande wa hewa.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kiwango kwenye dipstiki, bomba la kupumulia, filta ya hewa, bomba la kurudishia oili, kisha turbo. Ikiwa moshi ulianza wiki ileile ya sevisi, nina uhakika mkubwa jibu ni la kwanza. Vijana wengi humimina dumu zima kwa sababu limelipiwa.

Oili nyembamba iliyopaka ndani ya mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) si ushahidi wa kitu. Mvuke wa injini hupita humo. Kidimbwi ndicho ushahidi.

Mlio wa king'ora

Turbo nzima huwa na mluzi mwembamba. Ukibadilika ukawa mlio unaopanda na kushuka kama king'ora, ekseli yake imeanza kucheza. Ekseli hiyo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika ikiwa imeelea kwenye utando wa oili, na huku kwetu inafanya kazi ya ziada: kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita kama 2,300, presha ya hewa ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Tanga au Dar, kwa hiyo turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kutoa msukumo uleule.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, vua bomba la hewa, shika nati ya katikati. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida, kwa kuwa oili haipo. Panga likigusa ukuta, au ekseli ikisogea mbele na nyuma ukaisikia, imekwisha. Lakini mluzi mkali unaokuja na upungufu wa nguvu, huku ekseli ikiwa imara, kwa kawaida ni mpira wa intakula uliopasuka.

Turbo ikifa, tafuta kilichoiua kabla ya kufunga nyingine. Mara nyingi ni bomba lake la kuletea oili, hasa boliti yenye tundu dogo, iliyoziba kwa oili iliyoungua. Chanzo ni kuzima gari ghafla baada ya kupanda: umefika Marangu juu na mzigo wa mbao, unazima ukiwa bado hujashuka. Oili iliyobaki ndani ya turbo iliyo moto inachemka na kuacha mkaa. Dakika moja au mbili za sailensa kabla ya kuzima zinamaliza jambo hilo. Na kila turbo mpya ifungwe na bomba jipya la oili, au la zamani lililosafishwa hadi ukaona mwanga upande wa pili. Vinginevyo ya pili itakufa kwa njia ileile, na lawama ataipata muuzaji wa turbo.

Kelele ya kuwashia asubuhi

Kagongo cha sekunde mbili tatu, kisha kimya. Angalia filta ya oili kwanza: zile za bei ya kutupa mara nyingi hazina valvu nzuri ya kuzuia oili isirudi chini usiku, kwa hiyo asubuhi njia ziko tupu. Halafu jiulize kama kelele ilianza baada ya kuhamia 20W-50. Ikiwa ndivyo, rudi ulikotoka. Kwa Navara ya YD25, kelele ya cheni ya taimingi ni ugonjwa wa injini yenyewe, badilisha cheni.

Gari limekuwa zito, mafuta yanaisha haraka

Kama ni baada ya kuweka oili nzito, umeshajijibu. Kama kuna moshi mweusi, usiiguse oili kabisa. Ni hewa pungufu au dizeli nyingi: filta, mipira ya intakula, nozeli.

Oili imekuwa nyeusi baada ya siku chache

Ni injini ya dizeli. Oili yake inatakiwa iwe nyeusi, inabeba masizi. Wasiwasi uje ikiwa nzito kama uji.

Lini ubadilishe namba kweli

Sababu halali ni chache. Injini iliyokuwa ikitumia namba 30 ambayo sasa inavuta trela la nafaka kila wiki kutoka Karatu inaweza kwenda namba 40, ikiwa jedwali la joto kwenye kitabu chake linaruhusu. Vitabu vya dizeli nyingi za Kijapani vina jedwali hilo, na vinaruhusu namba zaidi ya moja. Gari linaloishi kwenye joto la tambarare ya chini ya Moshi, kwenye mashamba ya miwa kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC, na linalofanya kazi mchana kutwa bila kupoa, linaweza kuivumilia 20W-50 kama kitabu kinaitaja. Gari linalowashwa saa kumi na moja alfajiri Usa River na kuingia barabarani palepale likiwa na abiria, hapana.

Ninachokikataa kabisa ni oili ya kupima kutoka kwenye pipa lisilo na jina, na ile “namba 40” tupu isiyo na W. Hiyo ya pili ina kazi yake kwenye mashine za kusaga na injini za zamani zisizo na turbo.

Ukibadili namba, badili na filta siku hiyohiyo, andika kilomita kwenye kipande cha plasta ubandike chini ya boneti, na pima dipstiki kila wiki mahali palepale pa tambarare, asubuhi kabla ya kuwasha. Kwa vumbi na milima ya huku mwaga kila kilomita 5,000, hata kopo likiahidi 10,000. Na kama ndani ya kilomita 1,000 za kwanza kiwango kimeshuka zaidi ya lita moja, au kimepanda hata kidogo, rudi juu kwenye dalili.